Viatu Mkononi

Jambo ambalo Ziyad hakuligundua kwa miaka yote ile, yeye aliyesifika kwa masikio yake, ni kwamba kila ilipopigwa santuri ya marehemu kaka yake, Pradip aliinuka akaenda kutia chai. Ziyad aliweza kusikia mpigo mmoja wa ngoma akakwambia santuri ni ya toleo la kwanza au la pili. Aliweza kutambua, kwa mlio wa gitaa tu, kwamba mpigaji aliketi karibu mno na kipaza sauti. Lakini mtu mzima akainuka kitini mbele ya macho yake, mwezi baada ya mwezi, kwa wimbo ule ule, naye asione ila chai.

Chama chao kilikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi katika chumba cha nyuma cha duka la Pradip, kule Ealing Road, Wembley, katikati ya majora ya hariri na pamba. Walikuwa watu wachache wa Afrika Mashariki ambao ujana wao uliingiliwa na rokenroli kupitia redio za mawimbi mafupi, wakaja nayo Uingereza kama mtu anavyokuja na kovu. Hawakucheza, magoti hayakuruhusu tena. Walisikiliza, kisha wakagombana. Na ugomvi wao, kwa sura zake zote, ulikuwa mmoja: nani aliuimba wimbo kwanza, na aliyeuimba baadaye aitwe nani.

Kanuni ya chama aliitunga Ziyad mwenyewe. Mwenye asili hutangulia. Mtu akileta wimbo ulioimbwa upya, sharti kwanza ipigwe santuri ya aliyeuanzisha, kisha ndipo ipigwe ya mfuasi, na aliyeileta asimame aitetee mbele ya wenzake. Nyimbo nyingi zilizoletwa ziliimbwa kwanza na watu weusi wa kusini mwa Marekani, kisha zikachukuliwa na vijana wa kizungu waliochana nywele vizuri, zikauzwa mara kumi zaidi. Ziyad hakuwa na neno laini kwa hao. Nyumba yao ya Kiponda, Unguja, ilikaliwa na watu wengine tangu mwaka 1964, na alizoea kusema kwamba kukaa ndani ya nyumba hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.

Aliyempinga daima alikuwa Pradip, mwenye duka, Mgujarati wa mtaa wa Hurumzi, huko huko Unguja, aliyekuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa, na aliyewahi kupiga gitaa katika bendi ya Asad, kaka yake Ziyad.

"Daktari," Pradip alikuwa akimwambia, maana Ziyad alikuwa na shahada ya uzamivu na kazi katika maktaba ya chuo kikuu huko Bloomsbury, "vitumbua vya mama yako ni vya asili? Alijifunza kwa nani?"

"Kitumbua hakiandikwi jina, Pradipbhai."

"Ndiyo maana kikawa kitamu."

Kila kikao kilifunguliwa kwa santuri ya Asad. Iliwekwa mbele ya zote kwa kuwa, kwa hoja ya Ziyad, haikuwa na wa kuitangulia. Bendi ya vijana watano wa Unguja ilivuka kwenda Mombasa mwaka 1962, ikarekodi wimbo mmoja wa rokenroli kwa Kiswahili, na kwenye karatasi ya katikati ya santuri likaandikwa jina la Asad peke yake. Miaka minne baadaye Asad akafa kwa homa huko huko Mombasa, hana mke wala mtoto. Wimbo uliitwa "Viatu Mkononi":

*Watoka wapi, viatu mkononi?*
*Taa nimezima, wali u chunguni;*
*kesho ukirudi, utalala barazani!*

Ziyad aliwahi kuwafafanulia wenzake maneno hayo kwa muda mrefu na kwa utulivu. Aliona ndani yake bishara: kijana wa miaka ishirini ametabiri watu watakaokimbia makwao bila hata kuvaa viatu, na mji utakaozimwa taa. Wenzake walimsikiliza kwa heshima. Pradip alikuwa jikoni.

Mambo yaliharibika mwezi wa Machi, mwaka 1998. Anselme, dereva wa basi kutoka Lubumbashi aliyekuwa mwanachama mpya, alikuja kutoka Peckham na sanduku la santuri alilolipata sokoni.

"Bandugu, hii mi sikuisikia bado," akasema, akaitoa moja iliyopauka ukingoni. "Jina ya muimbaji sijui. Tusikilize tu."

Sindano ikashuka. Gitaa likaanza, kisha ngoma, kisha sauti nene ya Mmarekani mweusi ikaingia kwa Kiingereza. Mstari wa kwanza haujaisha, Surinder, Kalasinga wa Nairobi aliyestaafu kazi ya reli, akasimama kilemba kikigusa taa.

"Lakini hii ni yetu! Hii ni ya Asad!"

Ilikuwa ndiyo hiyo. Kupanda kwake, kushuka kwake, hata kile kimya kidogo kabla ya mstari wa tatu. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa mengine, habari za msichana na gari.

"Wametuibia," Surinder akanong'ona, kisha akapaza sauti. "Wametuibia, bwana! Wamarekani! Wao ndio kila siku tunasema wameibiwa, kumbe wamekuja mpaka Zanzibar kuiba! Hii maneno haiwezi kukaa hivi hivi. Lazima gazeti iandike."

Chumba kikachangamka kama nyumba ya harusi. Anselme alipongezwa kama aliyemkamata mwizi kwa mkono. Kila mmoja alisema lake, na hakuna hata mmoja, katika watu waliotumia nusu ya umri wao kuuliza nani alitangulia, aliyeuliza nani alitangulia. Walikuwa wameshazoea Asad kuwa wa kwanza. Walimtaka Ziyad aichukue santuri, aikague tarehe, mwezi ujao awaletee ushahidi.

Ziyad aliirudisha katika ganda lake la karatasi na kuitia mkobani. Alipoinua macho alimwona Pradip amesimama mlangoni na sinia la chai mkononi. Chai ilikuwa imeshanywewa. Vikombe vilikuwa vitupu, naye alivibeba tu.

Siku iliyofuata Ziyad alikwenda kazini na santuri mkobani, akarudi nayo. Siku ya pili vile vile. Hakuthubutu kuitoa, na hakuthubutu kuiacha nyumbani. Mtu wa vitabu, aliyeweza kuketi nusu siku bila kuinua kichwa, sasa hakuweza kumaliza ukurasa. Akitoka alipanda basi nambari kumi na nane, likifika Harlesden anashuka, anakwenda kwa miguu mwendo wa vituo viwili, anapanda jingine. Akifika nyumbani anaondoka tena kwenda kununua maziwa yaliyokuwamo. Alijua kukagua tarehe ni kazi ya dakika chache. Ndiyo sababu ya kutoikagua.

Alipoishiwa na visingizio aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha la maktaba, mahali pale laini karibu na karatasi ambapo kiwanda huchora nambari zake. Akailinganisha na katalogi. Ilipigwa chapa mwaka 1957.

Mwaka huo Asad alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na hakuwa na gitaa.

Lililomtia Ziyad kiwewe halikuwa aibu ya chama. Aibu ya chama angeimeza. Lilikuwa ni mama yake. Bi Suad alikuwa akiishi naye katika fleti yao nyuma ya kituo cha Wembley Central, na kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe wa kwanza kilikuwa wimbo ule, uliorekodiwa kwenye kaseti. Picha zote zilibaki Kiponda. Kila Ijumaa baada ya kusoma Yasini aliisikiliza kaseti hiyo mara moja, akaizima, akaendelea na shughuli zake. Ziyad ndiye aliyemwambia, tangu akiwa mwanafunzi, kwamba hakuna duniani aliyetunga kitu kama kile kabla ya Asad. Sasa afanye nini? Angeweza kusema nambari zimefutika. Angeweza kusema tarehe haijulikani, na Surinder angeandika barua yake gazetini, na mama yake angemaliza umri wake na mwana mtunzi. Ingekuwa uongo mdogo. Lakini alikuwa amewasimamisha watu wengi mno katika chumba kile, kwa makosa madogo kuliko hilo.

Alikwenda dukani siku ya kazi, mchana, akamkuta Pradip akimpimia mteja kitambaa. Akasubiri akizunguka baina ya majora, akigusa hiki na kile, mpaka mteja akatoka.

"Utanichafulia bidhaa kwa jasho la mikono," Pradip akasema. "Keti."

"Siwezi kuketi. Mwaka hamsini na saba, Pradipbhai."

Pradip akaikunja futi ya kupimia taratibu, akaiweka mezani. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa na nywele." Akajaribu kucheka, hakuweza. "Unawakumbuka wale Wamarekani wa kituo cha Tunguu, waliokuwa wakifuatilia vyombo vyao vya angani? Mmoja wao alikuja dukani kwa baba yangu akabadilisha santuri kwa vinyago. Hiyo ilikuwamo. Tuliipiga mpaka sindano ikala njia. Tukaipiga kwenye bendi kwa Kiingereza, lakini Asad Kiingereza chake, Mungu amrehemu, kilikuwa cha kutafuna. Alikuwa akisema *beibi, beibi,* kisha anaguna mpaka mwisho. Watu wakacheka. Siku moja akaja na maneno ya Kiswahili. Tukamuuliza umeyapata wapi, akatuambia, nyumbani."

"Na jina kwenye karatasi?"

"Mwenye studio aliuliza nani mwimbaji. Tukamwambia. Akaliandika. Hakuna aliyeuliza zaidi, na sisi tulikuwa na njaa."

Ziyad alikuwa ameshafika mlangoni na kurudi. "Na wewe umenyamaza! Mimi nasimama kila mwezi nahubiri, na wewe uko jikoni!"

"Siku ya kwanza uliyokuja hapa," Pradip akasema, "uliishika santuri ile kwa mikono miwili, ukasema: huyu hakumwiga mtu. Nikakutazama usoni, nikamwona yule mtoto aliyekuwa akitubebea nyaya. Nilitaka kusema. Nikaenda kutia chai. Nikarudi, ukawa umeshaanza mambo mengine. Basi, chai ikawa kazi yangu."

"Na kutetea nakala? Kila siku kuzitetea, hata zile mbovu?"

Pradip akachukua jora lililonyooka, akalinyoosha tena.

"Nilikuwa namtengenezea kaka yako pa kukaa," akasema. "Nilijua ipo siku atahukumiwa kwa sheria yako."

Ziyad akatoka bila kuaga, akaenda kwa miguu mpaka Alperton bila kujua anakwenda Alperton.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, aliamua kuisikia santuri yenyewe kwa mara ya pili, peke yake, labda tofauti ingejitokeza. Mama yake alikuwa jikoni akichambua mchele. Ziyad akafunga mlango wa sebule na kuiweka sauti chini kabisa. Mmarekani hakufika mstari wa pili.

"Zima hiyo redio, au iongeze," sauti ikatoka jikoni. "Usininong'onezee."

"Si redio, mama."

Mlango ukafunguka. Bi Suad alisimama na ungo kiunoni, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza.

"Hiyo si tuni ya Asad?"

Ziyad alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kumzungusha. Yote akayasahau. Akasimama katikati ya sebule kama mtoto aliyevunja chungu, akamwambia mambo yalivyo: kwamba tuni si yake, kwamba ilikuwapo kabla, kwamba yeye Ziyad amemdanganya miaka yote bila kujua, na kesho itabidi akaseme mbele za watu.

Bi Suad akaweka ungo juu ya televisheni.

"Na nani alisema tuni yake?"

"Mimi, mama. Mimi ndiye niliyesema."

"Wewe ndiye. Mimi sijasema. Mtoto kazunguka nayo nyumbani miezi, *beibi beibi,* mpaka kuku wakaacha kutaga. Nikimuuliza mwanangu, huyo mtu anasema nini? Sijui, mama, lakini tamu." Akaanza kucheka, kicheko cha chini, mabega yanatikisika. "Tuni kitu gani? Tuni kila mtu anaokota. Taarabu nzima imejaa tuni za sinema za Kihindi, na sikumwona mtu aliyepelekwa mahakamani. Maneno, Ziyad. Maneno ulidhani kayatoa wapi?"

Ziyad akainua sindano.

"Nani alikuwa akimngojea pale mlangoni, arudipo kwenye madansa yao?" Akainua kidole, na sauti ikabadilika, ikawa ya mwanamke wa miaka arobaini anayechelea kuamsha jirani. "*Watoka wapi, viatu mkononi?* Anavua viatu ili nisimsikie kwenye ngazi! *Taa nimezima, wali u chunguni.* Basi kila usiku ndiyo maneno yangu hayo, sina mengine. Mwana hayawani, akayachukua yote akaenda kuyaimba Mombasa!"

"Mimi sikuwahi kukusikia, mama."

"Wewe ulikuwa ukilala kama gogo."

Akauchukua ungo wake. Alipofika mlangoni akageuka. "Hicho kikao chenu ni saa ngapi? Miaka yote mnamzungumza mwanangu, na mimi sijaalikwa."

Jumapili Surinder aliwahi mbele ya wote. Amevaa tai. Alikuwa ameshamwandikia mhariri kwa herufi kubwa, alichokosa ni tarehe. Alipomwona Bi Suad akiingia na buibui juu ya koti la baridi, akampa kiti chake na kumwambia, "Mama, leo mtoto yako atapata haki yake."

"Aaa, haki," akasema Bi Suad, akaketi karibu na majora ya hariri, akayapapasa kwa vidole kama anayetafuta kasoro. "Pradip, hii unauza au unaonyesha?"

Pradip akamwamkia, "Shikamoo, Bi Suad," akaibusu mikono yake, kisha akasogea kuelekea jikoni.

Ziyad alisimama. Akaifunga mikono nyuma. Alisema bila kupamba kwamba santuri ya Anselme ilitangulia kwa miaka mitano, kwamba hakuna mtu aliyeibiwa Unguja, na kwamba kwa kanuni ya chama itapigwa kwanza ya Mmarekani, kisha ya kaka yake. Na kwamba yeye ndiye aliyeileta, kwa hiyo yeye ndiye atakayesimama kuitetea.

Ya Mmarekani ikapigwa, ikaisha. Ziyad akaiweka ya Asad, na Surinder akavuta fundo la tai, akailegeza.

"Basi ni nakala," akasema kwa huzuni ya kweli. "Kama zile zingine."

Wote wakamtazama Ziyad. Ilikuwa zamu yake. Sauti ya Asad ilikuwa tayari inajaza chumba, nyembamba, yenye haraka, na Ziyad, aliyekuwa na hoja kwa kila kitu, alifungua kinywa akakuta hamna.

Ndipo Bi Suad alipoinuka. Hakuinuka kama mwanamke wa miaka sabini na sita mwenye magoti mabovu. Aliinuka kama wanavyoinuka wanawake kwenye taarabu pale ubeti unapomgusa mtu, polepole, kwa maringo, noti imebanwa kati ya vidole viwili, mkono juu ya kichwa ukizunguka. Kila Mswahili katika chumba kile alilijua jambo hilo: mtu haendi kumtunza mwimbaji pesa kwa kuwa wimbo ni mzuri. Huenda kutunza kwa kuwa wimbo umesema lake. Akapita mbele ya Surinder, akamzunguka Anselme, akafika kwenye mashine ya santuri, akaiweka noti juu ya kifuniko chake kana kwamba anaiweka kwenye paji la uso la mwimbaji.

Ulipofika mstari wa tatu akauimba mwenyewe, kwa ukali, kidole kimemwelekea Pradip aliyekwama mlangoni mwa jikoni:

"*Kesho ukirudi, utalala barazani!* Na wewe! Na wewe ulikuwa nyuma yake, umejibanza kwenye nguzo na gitaa lako! Ulidhani sikuoni?"

Mzee wa miaka hamsini na sita, mwenye duka na wajukuu, akauficha uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Shikamoo, mama," akasema ndani ya kitambaa.

"Marahaba. Nenda kalale kwenu."

Anselme alicheka mpaka akashika jora la pamba asianguke. Surinder hakuelewa vizuri, akataka kuelezwa, akaelezwa na watu watatu kwa mpigo mmoja, naye akasema ikiwa ndivyo basi bado kuna swali: kwenye karatasi ya santuri liandikwe jina la nani? La Mmarekani? La Asad? La mama? Pradip akasema la studio, kwa kuwa ndiyo iliyokula pesa. Ziyad akasema hilo si jibu. Wakaanza upya, wote kwa pamoja, na Bi Suad akarudi kitini akauliza kama katika nyumba hii hakuna chai.

Hawakuafikiana siku ile, wala mwezi uliofuata. Lakini santuri ya Asad haikufungua tena kikao. Hupigwa ya pili, baada ya ile ya Marekani, na Bi Suad huwapo. Chai hutiwa kabla ya sindano kushuka, na wimbo unapoanza Pradip hubaki kitini.